Je, Maafa ya Asili Yanaongezeka Kweli? Tuanze na Daftari Lenyewe

Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilitoa hesabu iliyozunguka dunia nzima. Maafa yaliyotokana na hali ya hewa, tabianchi na maji yalikuwa 711 katika muongo wa 1970 hadi 1979, yakafika 3,165 katika muongo wa 2010 hadi 2019. Vichwa vya habari vikasema maafa yameongezeka mara tano. Katika hesabu hiyo hiyo kulikuwa na namba ya katikati ambayo haikutangazwa sana: muongo wa 2000 hadi 2009 ulikuwa na maafa 3,536. Yaani katika muongo wa mwisho, ulio na joto kuliko yote iliyoutangulia, idadi ilishuka kidogo.

Anayeshika zile namba mbili za mwanzo hutangaza kwamba dunia imeharibika. Anayeshika ile ya katikati husema mabadiliko ya tabianchi ni maneno matupu. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: hawakuuliza daftari lenyewe linaandikwaje.

Daftari linapima watu, halipimi mvua

Hesabu hizo, na nyingine nyingi zinazosomwa kwenye magazeti, zinatoka kwenye hifadhidata moja iitwayo EM-DAT. Inatunzwa tangu mwaka 1988 na kituo cha utafiti kiitwacho CRED, kilichopo Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi mwaka 1900. Ili tukio liingizwe humo, lazima litimize angalau sharti moja kati ya haya: liue watu 10 au zaidi, liathiri watu 100 au zaidi kwa kuwajeruhi au kuwaacha bila makazi, serikali itangaze hali ya dharura, au nchi iombe msaada wa kimataifa.

Soma masharti hayo tena polepole. Hakuna hata moja linalouliza mvua ilikuwa milimita ngapi au upepo ulivuma kwa kasi gani. Mvua ya milimita 200 ikinyesha kwenye pori lisilo na watu haiingii daftarini. Mvua ya milimita 70 ikishuka kwenye bonde lenye nyumba 300 inaingia. Wataalamu hutenganisha tukio la asili na maafa kwa sababu hii: tukio ni mvua, upepo au mtikisiko, maafa ni kile kinachotokea tukio hilo linapokutana na watu na mali zao. EM-DAT ni daftari la maafa.

Basi namba ya daftari hilo inaweza kupanda kupitia milango mitatu. Wa kwanza ni taarifa. Mwaka 1970, maporomoko ya udongo yakifunika nyumba kumi na tano kwenye kijiji cha mlimani, habari iliweza kuishia wilayani. Ili ifike Ulaya ilihitaji mtu wa kuiandika, simu ya kuipeleka na ofisi ya kuipokea. Leo video inafika kabla mvua haijakatika. Watunzaji wa EM-DAT wenyewe wanaonya kwamba kumbukumbu za kabla ya mwaka 2000 zina upungufu wa taarifa, kwa hiyo anayechora mstari kutoka 1970 hadi leo anachora pia historia ya simu, redio na setilaiti.

Mlango wa pili ni watu. Sensa ya mwaka 1957 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 129,000. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728. Bonde la Msimbazi ni lile lile na mto ni ule ule, lakini maji yaliyokuwa yakilala Jangwani juu ya nyasi na majaruba sasa yanaingia vyumbani. Mafuriko ambayo mwaka 1957 yasingefikia sharti la watu 100, leo yanalivuka kabla ya saa sita mchana. Hili si kosa la hesabu. Ni ongezeko la kweli la maafa, ila chanzo chake si mawingu.

Mlango wa tatu ndio hali ya hewa yenyewe. Namba moja ya jumla haiwezi kukuambia ongezeko limepita mlango upi, na hapo ndipo mabishano mengi yanapopotea njia.

Matetemeko yanatupa jaribio safi

Ipo njia nzuri ya kuutazama mlango wa kwanza peke yake. Chukua matetemeko ya ardhi. Miamba iliyo kilomita kumi au arobaini chini ya ardhi haiguswi na moshi wa magari, kwa hiyo kama matetemeko yanayoandikwa yameongezeka, tujue tumeongeza masikio ya kuyasikia.

Na ndivyo ilivyo. Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, inaeleza kwamba mwaka 1931 vilikuwapo vituo takriban 350 vya kupimia mitetemo duniani. Sasa ni zaidi ya 8,000. Matetemeko yapatayo 20,000 huandikwa kila mwaka, kama 55 kwa siku, na mengi kati ya hayo hayasikiki na mtu yeyote. Lakini yale makubwa, ya ukubwa wa 7 na kuendelea, ambayo hata vituo vichache vya zamani visingeweza kuyakosa, wastani wake tangu mwanzo wa karne ya 20 ni kama 16 kwa mwaka. Mwaka 1989 yalikuwa 6 tu. Mwaka 2010 yakawa 23. Yanapanda na kushuka bila mteremko wowote wa kudumu.

Hapa kwetu tofauti ya tukio na maafa inaonekana wazi kuliko mahali pengi. Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.3, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa barani Afrika. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ikatikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kwa nishati, lile la Rukwa lilizidi la Bukoba zaidi ya mara 100. Lakini la Bukoba liliua watu zaidi ya 15, likabomoa maelfu ya nyumba, na kila Mtanzania analikumbuka. La Rukwa wanalijua wanajiolojia. Mji wenye kuta za matofali yasiyofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege ndio uliotofautisha mawili hayo. Kwa Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, ni vivyo hivyo: mlima ulimwaga lava mwaka 1977, 2002 na 2021 kwa mwendo wake wenyewe, huku Goma ikizidi kutanuka chini yake.

Kwa hiyo ukiona jedwali limechanganya matetemeko, volkano, mafuriko na ukame katika namba moja, liweke pembeni. Halijibu swali lolote.

Pale daftari lilipo kimya

Daftari linaweza pia kudanganya kwa kukaa kimya. Mwaka 2020 watafiti Luke Harrington na Friederike Otto walitafuta katika EM-DAT mawimbi ya joto ya Afrika kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa karne ya 20. Walikuta mawili tu, yenye vifo 71. Katika miaka 40 hivi ya karibuni, Ulaya iliandikiwa mawimbi ya joto 83 na vifo zaidi ya 140,000.

Hakuna anayeweza kuamini kwamba jua la Sahel, Garissa au Lodwar limeua watu 71 pekee katika zaidi ya miaka mia moja. Joto haliachi tope wala paa lililoezuliwa. Mzee mwenye shinikizo la damu anafariki usiku wa joto, cheti kinaandikwa moyo, na hakuna ofisi inayokusanya vyeti hivyo kuuliza mbona wiki ile vilikuwa vingi. Hilo linaumiza, kwa sababu joto ndilo tukio ambalo ushahidi wa kuongezeka kwake ni mzito kuliko mengine yote.

Joto, mvua kubwa na kiu ya hewa

Ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, ya mwaka 2021 ilikokotoa hivi. Dunia ikiwa imepata nyongeza ya joto la nyuzi 1 hivi juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900, joto kali lililokuwa likitokea mara moja kwa miaka 10 sasa linatokea mara 2.8. Lile la mara moja kwa miaka 50 linatokea mara 4.8. Mvua kubwa ya mara moja kwa miaka 10 inatokea mara 1.3, na inapokuja huwa na maji zaidi kwa takriban asilimia 6.7. Ukame wa mashambani wa mara moja kwa miaka 10, katika maeneo yanayokauka, unatokea mara 1.7.

Namba hizi hazitoki kwenye daftari la maafa. Zinatoka kwenye vipimajoto, vipima mvua na fizikia, kwa hiyo mlango wa taarifa na mlango wa watu hauziathiri kwa namna ile. Fizikia yake si ngumu: hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, uwezo wake wa kubeba mvuke unaongezeka kwa karibu asilimia 7. Wingu likipasuka, kuna maji mengi zaidi ya kumwaga. Na hewa hiyo hiyo, pale ambapo hakuna mvua, inanyonya maji zaidi kutoka kwenye udongo, majani na malambo. Ndiyo maana mafuriko na ukame vinaweza kukua pamoja bila kupingana.

Ukame wa Pembe ya Afrika ulionyesha upande huo wa pili kwa ukatili. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipouchambua mwaka 2023, walisema mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame wa namna hiyo angalau mara 100, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa ile kiu ya hewa: hata kile kidogo kilichonyesha kilifyonzwa kabla hakijamsaidia mfugaji.

Uchambuzi wa aina hiyo hufanywaje? Kwanza wanatazama rekodi za vituo na kuuliza tukio hili ni la nadra kiasi gani: mara moja kwa miaka 10, 40, 200? Kisha wanatumia modeli za kompyuta kulinganisha dunia ya sasa na dunia isiyopashwa joto na binadamu, na kuhesabu tukio hilo linatokea mara ngapi katika kila moja. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo sehemu ya mabadiliko ya tabianchi. Njia hii inaaminika kwa sababu haitoi jibu lile lile kila mara. Ukame wa kusini mwa Madagaska wa mwaka 2019 hadi 2021 ulitangazwa sana kuwa njaa ya kwanza ya tabianchi. Walipoupima, wakakuta mchango wa ongezeko la joto ulikuwa mdogo mno, na kwamba umaskini na tabia ya kawaida ya mvua za huko vilibeba uzito zaidi.

Vuli, masika na bahari

Kwa Afrika Mashariki, anayesema "mvua zimeongezeka" au "mvua zimepungua" bila kutaja msimu hajasema kitu. Masika, mvua za Machi hadi Mei, zilipungua katika maeneo mengi kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2010, wakati modeli za tabianchi zilitabiri kwamba zingeongezeka. Watafiti wanaliita jambo hili kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki. Baadaye masika za 2018, 2020 na 2024 zikaja na mafuriko. Vuli kwa upande wake ina mwelekeo wa kuongezeka, na inatawaliwa sana na Bahari ya Hindi.

Maji ya bahari ya upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, hali inayoitwa daipoli chanya ya Bahari ya Hindi, unyevu unasukumwa kuelekea huku na vuli inafurika. Ilikuwa hivyo 1997, pamoja na El Niño. Ikawa hivyo 2019 na 2023. Na ilikuwa hivyo mwaka 1961, bila El Niño, katika mvua ambazo Kenya bado inazikumbuka kama mafuriko ya Uhuru. Baada ya mvua hizo Ziwa Victoria lilipanda kwa kiasi cha mita 2.5 kufikia 1964, hadi mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja. Mei 2020 kipimo hicho kikasoma mita 13.42.

Sentimita moja tu. Kwa maji peke yake, 2020 ilikuwa marudio ya 1964. Ila safari hii ufukweni palikuwa na hoteli, masoko ya samaki, vituo vya maji na mitaa mizima ya makazi, kwa sababu kizazi kizima kilikuwa kimelizoea ziwa likiwa chini. Anayesema ziwa "halijawahi kufanya hivi" amesahau tu, na usahaulifu huo una gharama kuliko upungufu wowote wa takwimu.

Ekari moja, mvua moja

Tutazame mlango wa pili kwa karibu zaidi, kwa namba ambazo yeyote anaweza kuzikokotoa. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. Ekari ina mita za mraba 4,047. Mvua ya milimita 60 ikinyesha juu yake inaleta lita zipatazo 243,000.

Ekari hiyo ikiwa na nyasi, miti na udongo unaopitisha maji, kwa makadirio ya kawaida ya wahandisi kama sehemu moja kwa tano ya maji hayo hutiririka na kuondoka: lita 49,000. Mengine huzama. Sasa mwenye shamba akate viwanja, kila kiwanja kiezekwe bati, ua umwagiwe sementi, njia ishindiliwe kifusi. Sehemu inayotiririka inakuwa nne kwa tano: lita 194,000. Mvua ni ile ile, maji yanayofika mtaroni yamekuwa mara nne, na hayaji kwa saa kadhaa, yanakuja kwa dakika.

Ongeza tabianchi. Milimita 60 zikizidi kwa asilimia 6.7 zinakuwa 64. Kwenye ekari ya nyasi, nyongeza inayotiririka ni lita 3,000 hivi. Kwenye ekari ya mabati ni kama lita 13,000, na hizo zinakuja wakati mtaro umeshajaa hadi ukingoni, kwa hiyo zote zinaelekea mlangoni mwa mtu. Ndiyo maana kubishana kama ni tabianchi au ni ujenzi holela hakuna faida: kimoja kinakizidisha kingine. Uchambuzi wa mafuriko ya masika ya 2024 Afrika Mashariki ulikuta mabadiliko ya tabianchi yaliongeza mvua kwa takriban asilimia 5 tu, lakini Kenya peke yake ilizika karibu watu 300. Kwa vuli ya 2023 mchango ulikadiriwa kuwa mkubwa zaidi, mvua kufikia hadi mara mbili, huku daipoli ya bahari nayo ikichangia.

Vimbunga: tuwe waangalifu

Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, kikiwa kimeshapungua nguvu, wengi waliamini ni jambo geni kabisa pwani yetu. Si geni, ni la nadra. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nyumba ya karafuu. Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi. Nadra hiyo ina sababu: karibu na ikweta, ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo, mzunguko wa dunia hautoi msokoto wa kutosha kukifanya kimbunga kizunguke, na sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania iko karibu na ukanda huo.

Matukio matatu katika miaka 152 hayachori mstari wowote. Hata kwa dunia nzima, IPCC inasema haina imani ya kutosha kudai kwamba idadi ya vimbunga imeongezeka kwa muda mrefu, hasa kwa kuwa kabla ya setilaiti za miaka ya 1960 kimbunga kilichoishia baharini kilijulikana tu kama meli ilikutana nacho. Inachosema ni kwamba katika miongo minne iliyopita, sehemu ya vimbunga vinavyofikia daraja la 3 hadi la 5, yaani vile vyenye nguvu zaidi katika ngazi ya madaraja matano, inaelekea imeongezeka. Mvua yake nayo ni nzito zaidi, na kina cha bahari kilichopanda kwa kiasi cha sentimita 20 tangu 1901 kinayapa mawimbi yake mahali pa juu pa kuanzia. Idai na Kenneth, vilivyoipiga Msumbiji kwa kufuatana mwaka 2019, na Freddy ya 2023, iliyodumu siku 36 na kuua mamia ya watu Malawi, zinaendana na picha hiyo.

"Mafuriko ya miaka mia"

Msemo huu unawapotosha watu wengi. Mafuriko ya miaka 100 si yale yanayokuja kisha yakakuaga kwa karne nzima. Ni yale yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na mwaka unaofuata asilimia 1 hiyo iko pale pale. Ukiishi miaka 30 katika nyumba iliyo ndani ya mstari wa mafuriko hayo, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni asilimia 26, zaidi kidogo ya moja kwa nne. Na nchi ikiwa na mabonde 100 yasiyotegemeana, kwa wastani bonde moja litapata "mafuriko ya karne" kila mwaka. Ukisikia redioni mara tatu kwa miaka mitatu kwamba mafuriko ya karne yametokea, huenda hakuna kilichobadilika zaidi ya mahali.

Lakini mstari wenyewe nao unasogea. Mvua ya miaka 10 ikitokea mara 1.3, sasa ni mvua ya miaka 7 na miezi kadhaa, na daraja lililosanifiwa kwa jedwali la miaka ya 1970 limeshapoteza sehemu ya usalama wake hata kama zege halijapata ufa.

Kuna habari njema isiyotangazwa inavyostahili. Vifo vimepungua: kwa hesabu ile ile ya WMO, vilikuwa zaidi ya 50,000 kwa mwaka katika muongo wa 1970, vikashuka chini ya 20,000 katika muongo wa 2010. Kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000 katika Bangladesh ya leo mwaka 1970. Mwaka 2020 Amphan ilipofika ghuba ile ile, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa Bangladesh, na vifo vya huko na India kwa pamoja havikufika 200. Kilichobadilika ni taarifa za mapema, majengo ya kukimbilia, na watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti. Zaidi ya asilimia 91 ya vifo vyote vya miaka hiyo 50 vilitokea katika nchi zinazoendelea, kwa hiyo kazi hiyo bado haijatufikia sawasawa.

Ukitaka kujua kwa eneo lako

Usianze na kumbukumbu za maafa. Anza na mvua ya kila siku kutoka kituo kilicho karibu, angalau miaka 30. Kipindi rasmi cha kulinganishia kwa sasa ni 1991 hadi 2020, na ukipata miaka 60 ni bora zaidi. Chagua kipimo kimoja na usikibadilishe njiani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na hicho ni kipimo kizuri: hesabu siku za namna hiyo kwa kila mwaka, masika na vuli kila moja kwenye safu yake.

Makosa yamejificha kwenye rekodi. Mvua husomwa saa 3 asubuhi, kwa hiyo iliyonyesha usiku inasomwa asubuhi inayofuata na tarehe yake inaweza isilingane na ya gazeti. Nafasi iliyoachwa wazi si sifuri. Ni siku ambayo hakuna aliyepima. Ukikuta Jumatatu nyingi zina mvua nzito na Jumamosi na Jumapili hazina kitu, ujue msomaji alipumzika na maji yakajikusanya. Rekodi za zamani ziko kwa inchi, na inchi 1 ni milimita 25.4, mtu aliyenakili 2.1 bila kubadilisha ameigeuza mvua ya milimita 53 kuwa manyunyu. Uliza pia kama kituo kilihamishwa, au kama mwembe umekua ukakikinga kipima mvua.

Ukichora grafu, angalia ulipoanzia. Ukianza mwaka 1997 wa El Niño, mvua kubwa zitaonekana kupungua. Ukianza 2005, mwaka wa ukame, zitaonekana kuongezeka. Ondoa mwaka mmoja wa mwanzo au wa mwisho uchore upya. Mstari ukigeuka, hakukuwa na mstari.

Kisha tengeneza jedwali la pili, la nyumba. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972 na hupatikana bure mtandaoni. Tazama bonde lako kwa kila miaka kumi na kadiria sehemu iliyoezekwa. Waulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1961, 1997 au mwaka wowote wanaoutaja, na upime alama hiyo kutoka kitu kisichohama, kama nguzo ya daraja au msingi wa msikiti.

Jedwali la tatu ndilo linaloachwa na karibu kila mtu: mitaro na makalavati. Aprili 2024, watu zaidi ya 40 walipofariki Mai Mahiu nchini Kenya, habari za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilizibwa na magogo na tope, maji yakajikusanya nyuma yake hadi tuta likakatika. Kalavati la mviringo lililojaa mchanga hadi nusu halipitishi nusu ya maji yake. Linapitisha kama theluthi moja, kwa sababu nafasi imepungua na maji yanasuguana na kuta na mchanga kwa wakati mmoja. Kwa hiyo andika kipenyo cha kila kalavati, kina cha mchanga uliomo, na tarehe lilipozibuliwa mara ya mwisho, kisha iweke safu hiyo kando ya ile ya mvua kabla hujaamua mafuriko ya mwaka huu yameletwa na nini.